Zanzibar na Maskati: Saa Moja ya Ukutani, Saa Mbili za Jua

Msomaji wetu wa Mjini Unguja anauliza: «Kaka yangu amehamia Maskati pamoja na familia yake. Tunaambiwa saa za huko zimetangulia za kwetu kwa saa moja tu. Lakini nikimpigia baada ya chakula cha mchana simu haipokewi, Ijumaa hajibu ujumbe wowote kuhusu mzigo wa viungo tunaompelekea, na mwezi huu wa Disemba mama akitaka kuzungumza naye saa kumi na moja jioni, kabla ya Magharibi, anaambiwa huko wameshaswali zamani. Mwezi wa Juni haikuwa hivyo. Je, tofauti ni saa moja kweli? Na watu wa kule siku yao wanaiendeshaje?»

Dada yangu, tofauti ya saa baina ya Zanzibar na Maskati ni moja, na inabaki moja mwaka mzima. Zanzibar, pamoja na Tanzania Bara, Kenya na Uganda, inafuata Saa za Afrika Mashariki, ambazo zimetangulia saa za Greenwich kwa saa tatu. Oman, sawa na Umoja wa Falme za Kiarabu na hata jirani zetu wa Shelisheli, imetangulia kwa saa nne. Hakuna upande unaosogeza saa mbele na kuirudisha nyuma kulingana na majira kama wafanyavyo Waingereza. Aliyekwambia saa moja hakukudanganya. Hata hivyo, anayeishi Maskati haamki wala halali kwa sababu ya tofauti hiyo. Anaamka na kulala kwa jua la pale, kwa joto la pale na kwa wiki ya kazi ya pale, na katika mambo hayo matatu miji hii miwili, iliyo umbali wa karibu kilomita 3,900, imeachana kwa kiasi ambacho saa ya ukutani haikionyeshi.

Nianze na jua, kwa kuwa ndilo linaloeleza habari ya mama na Magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kila dakika nne. Zanzibar iko kwenye nyuzi 39 na kidogo mashariki ya Greenwich, na Maskati iko kwenye nyuzi 58 na nusu hivi. Tofauti ni nyuzi 19, na ukizigeuza kuwa muda unapata takriban dakika 77. Maana yake ni kwamba jua linalofika utosini Maskati huchukua saa moja na robo na zaidi kabla halijafika utosini Unguja, ilhali saa zetu zinahesabu dakika 60 tu.

Hizo dakika 17 zilizobaki zinatokana na namna mistari ya saa ilivyochorwa. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45, ambao unapita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo sisi wa Unguja tunaishi kwa jua la Mogadishu, na adhuhuri ya kweli hutufikia kiasi cha saa sita na dakika 23. Saa za Oman zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 60, ambao unapita baharini karibu sana na Ras al-Hadd, ncha ya mashariki ya nchi hiyo, na hivyo adhuhuri ya Maskati iko jirani kabisa na saa sita kamili, kwa wastani saa sita na dakika sita. Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwahi, katika enzi ya ukoloni, kutumia saa iliyotangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, na kwa watu wa pwani saa hiyo ilikuwa karibu zaidi na jua lao kuliko hii ya sasa, ingawa nakubali kwamba hesabu yake ilikuwa mzigo kwa kila aliyetuma simu ya maandishi ng'ambo.

Sababu ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni umbali kutoka ikweta. Unguja iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, na kwa sababu hiyo urefu wa mchana wetu haubadiliki sana: mchana mfupi kabisa wa mwaka, mwezi wa Juni, haupungui saa 11 na dakika 45, na mrefu kabisa, mwezi wa Disemba, haufiki saa 12 na nusu. Maskati iko kaskazini ya ikweta kwa nyuzi 23 na nusu na ushei, yaani imeivuka Tropiki ya Kansa kidogo tu, na huko mchana wa Juni hufikia karibu saa 13 na nusu wakati ule wa Disemba unashuka hadi saa 10 na dakika 40 hivi. Zingatia pia kwamba majira yamegeuzana: kwao mchana mrefu ni Juni, kwetu ni Disemba.

Sasa changanya sababu zote mbili uone zinavyofanya kazi. Karibu na tarehe 21 Juni, jua la Maskati huchwa yapata saa moja kasoro dakika tano za usiku kwa saa ya kule, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano za jioni. Jua la Unguja siku hiyo huchwa yapata saa kumi na mbili na dakika 18. Kwa hiyo adhana ya Magharibi ya Maskati na ya Unguja zinaachana kwa dakika ishirini na kitu tu, na kaka yako alipokuwa akitoka msikitini ninyi mlikuwa mnatia udhu. Lakini karibu na tarehe 21 Disemba jua la Maskati huchwa mapema mno, kiasi cha saa kumi na moja na dakika 24 za jioni, na hapo saa yetu inasema saa kumi na dakika 24, wakati ambapo watoto wa Unguja bado wanacheza mpira na jua letu litangoja hadi saa kumi na mbili na dakika 35. Tofauti ya Magharibi mbili imekuwa zaidi ya saa mbili. Saa ya ukutani ilibaki pale pale siku zote hizo. Kilichohama ni jua. Mama yenu alisikia sawasawa: saa kumi na moja jioni ya Unguja mwezi wa Disemba, Maskati wameshaswali Magharibi na giza limeingia.

Alfajiri hugeuka kinyume chake. Mwezi wa Juni jua la Maskati huchomoza yapata saa kumi na moja na dakika 21, ambayo kwetu ni saa kumi na dakika 21 za usiku wa manane unaokwisha, na jua letu halitoki mpaka saa kumi na mbili na nusu na dakika chache: hapo ndipo penye saa mbili na zaidi. Mwezi wa Disemba alfajiri za miji yote miwili zinakaribiana tena, kwa dakika ishirini na kitu. Ukitaka kanuni moja ya kukumbuka, basi shika hii: wakati wa Juni miji hii inakaribiana jioni na kuachana asubuhi, na wakati wa Disemba inakaribiana asubuhi na kuachana jioni. Mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, usiku na mchana vinapolingana, tofauti ni ile ya saa moja na robo, asubuhi na jioni.

Naja kwenye simu isiyopokewa mchana. Hapa nakuomba usimfikirie kaka yako vibaya, kwani nimeona undugu ukiingia ubaridi kwa jambo hili hili. Maskati ni mji uliobanwa baina ya milima ya Hajar na bahari. Milima ile ya mawe matupu hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku. Miezi ya Juni na Julai joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na Qurayyat, mji wa pwani ulio kusini-mashariki ya Maskati, uliwahi mwezi wa Juni 2018 kupitisha siku nzima, usiku na mchana, bila ya joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Serikali ya Oman inakataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Watu wamejenga siku yao kulikwepa joto hilo: ofisi za serikali kwa kawaida hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa nane na nusu mchana, watu hurudi nyumbani, hula chakula kizito cha mchana, kisha hulala.

Mtu wa Unguja akifika soko la Matrah saa nane mchana kwa mara ya kwanza hudhani kuna msiba. Milango ya mbao imefungwa, taa za vichochoroni zimezimwa, harufu ya ubani wa jana imebaki hewani, na kwenye kivuli cha ukumbi unaotazama bahari wamelala paka na wachukuzi wachache waliotandika makasha ya maboksi. Saa kumi milango inaanza kufunguliwa mmoja mmoja, na kufikia saa mbili usiku vichochoro vile vile havipitiki kwa watu. Wakati huo huo wa saa nane za Maskati, kwenye soko letu la Darajani ni saa saba, na Darajani saa saba ni kelele tupu: madalali wa samaki hawajanyamaza, daladala zinagombania abiria, na muuza embe anakwambia chukua fungu zima usiniache na mabaki. Sisi huuza mchana na kupumzika jioni. Wao hupumzika mchana na kuuza jioni. Ukimpigia kaka yako saa nane za kwetu umempata saa tisa za kwake, yaani katikati ya usingizi wake, na ni sawa na yeye kukupigia wewe saa sita za usiku.

Jambo jingine lililo tofauti ni umbile la mji wenyewe, na naona hili watu hulipuuza. Mji Mkongwe ni wa kutembea kwa miguu; kutoka Forodhani hadi Darajani ni mwendo wa dakika chache, na mtu unayemtaka utamkuta barazani, au utaambiwa na waliokaa barazani amepita kwenda wapi. Hata Ng'ambo, yaani mitaa ya Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, pamoja na ukubwa wake, habari hutembea kwa miguu. Maskati si mji mmoja kwa maana hiyo. Ni mlolongo wa miji iliyojipanga kando ya bahari kwa makumi ya kilomita: Maskati ya kale yenye kasri, Matrah yenye bandari, Ruwi ya mabenki na maduka, Al Khuwair ya wizara, hadi Seeb kule magharibi penye uwanja wa ndege. Majengo yake ni meupe au ya rangi ya mchanga na hayaruhusiwi kuinuka ovyo, na unapoyatazama kutoka mlimani unaona mji uliotulia mno. Lakini kuufikia upande mmoja kutoka mwingine kunahitaji gari. Kwa hiyo mazungumzo ambayo Unguja hufanyika barazani, kule hufanyika ndani ya sebule ya wageni, kwa miadi, au ndani ya gari. Utaona jioni magari yamejipanga mbele ya duka la chai, dereva anapiga honi mara moja, kijana anatoka mbio na vikombe vya karatasi vya chai ya maziwa iliyotiwa iliki, wanaiita karaki, na jamaa wawili wanakaa humo humo garini wakinywa na kuzungumza hadi saa nne usiku. Mtu aliyezoea kupigiwa hodi bila taarifa huchukua muda kuyazoea maisha hayo, na upweke wa miezi ya kwanza ni mkubwa kuliko wengi wanavyokiri kwenye simu.

Pamoja na hayo kaka yako hakuhamia ugenini kabisa. Sayyid Said bin Sultan aliifanya Zanzibar makao yake makuu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na dola ile iliendelea kuwa moja hadi ilipogawanywa mwaka 1861, baada ya kifo chake mwaka 1856, Oman ikashika njia yake na Zanzibar yake. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Unguja na Pemba, na Sultan Qaboos alipotawala mwaka 1970 aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, wakiwamo wengi waliozaliwa na kusoma Afrika Mashariki. Ndiyo sababu mpaka leo utasikia Kiswahili madukani na hospitalini Maskati, utasikia shikamoo, na halua ya harusi inaliwa kwa kahawa kule kama inavyoliwa hapa.

Undugu huo wa lugha una mtego mmoja ambao unahusu mizigo yenu. Wazee wa Maskati waliotoka Unguja bado wanahesabu saa kwa namna yetu, kuanzia asubuhi, lakini watoto wao waliosoma kule wanazungumza Kiswahili huku wakihesabu saa kwa Kiarabu au kwa Kiingereza. Mpwa wako akikwambia atapokea mzigo «saa nne», huenda anakusudia saa kumi jioni. Ongeza hapo saa moja ya tofauti ya nchi, na mzigo wa karafuu na mdalasini umekaa uwanjani usiku kucha bila mwenyewe. Njia iliyo salama ni kuandika kwenye ujumbe saa za tarakimu 24 pamoja na jina la mji, kwa mfano 16:00 Maskati, 15:00 Zanzibar, na kutomwachia mtu yeyote kazi ya kukisia.

Kuhusu Ijumaa, jibu ni fupi. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, baada ya miaka mingi ya Alhamisi na Ijumaa. Sisi hupumzika Jumamosi na Jumapili, ingawa Ijumaa pia shughuli nyingi husimama kwa ajili ya sala. Kwa hiyo siku ambazo ofisi, benki na mawakala wa forodha wa pande zote mbili wako kazini kikamilifu ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Jumapili kaka yako yuko kazini na wewe hupati mtu benki. Ijumaa wewe uko kazini na yeye yuko msikitini, kisha kwa wakwe zake. Malipo yakitumwa Alhamisi jioni, hesabu kwamba yatafanyiwa kazi wiki inayofuata. Na kwa kuwa ofisi za Maskati hufungwa saa nane na nusu, ambayo kwetu ni saa saba na nusu, shughuli yoyote ya kiofisi na upande ule imalizwe asubuhi. Ukiingoja hadi baada ya sala ya Adhuhuri umeshachelewa.

Kwa mazungumzo ya nyumbani, wakati ninaoupendelea kuliko wote ni saa mbili na robo usiku kwa saa yetu, ambayo ni saa tatu na robo Maskati. Huo unafaa mwaka mzima, kwani hata mwezi wa Juni ambapo Isha ya Maskati inachelewa, kufikia hapo watu wa miji yote miwili wameshaswali, joto la kule limepungua kidogo, na familia iko macho. Mama akiona ni usiku mno kwake, basi miezi ya Novemba hadi Januari achukue saa kumi na mbili asubuhi, ambapo kaka yako atakuwa tayari amevaa na yuko njiani kwenda kazini. Tena hapo mazungumzo yawe mafupi, kwa sababu anaendesha gari au yumo ndani ya foleni.

Ramadhani huvuruga ratiba hii. Sheria ya kazi ya Oman inapunguza saa za kazi za Muislamu katika mwezi huo ziwe sita kwa siku, mji hulala mchana zaidi ya kawaida na kukesha usiku hadi karibu na daku. Ramadhani ikiangukia mwezi wa Machi, kaka yako atafuturu kabla yenu kwa saa moja na robo hivi, na huo ndio muda mzuri wa kumpigia kabla ninyi hamjakaa kwenye mkeka. Ramadhani ikija kuangukia Juni, atafunga karibu saa 15 katika joto lile, ilhali ninyi mtafunga karibu 13, na itakuwa uungwana kumpigia baada ya Tarawehe, akiwa ameshakunywa maji ya kutosha. Idi nayo isichukuliwe kuwa siku moja kwa pande zote: Oman hutangaza mwandamo wake wenyewe, Zanzibar husubiri tangazo la Mufti, na mara nyingine nchi hizi hutofautiana kwa siku nzima. Kabla ya kumpelekea salamu za Idi au kumwagizia watoto wake nguo, muulize jioni ya siku ya 29 kwao imetangazwaje.